Shamba la ukoo, mwanamke mmoja na hukumu ya 1990: ukoo ukisema "hapana", nani alipe?

Kibanja cha Babu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa wosia wiki iliyopita watu wamerushiana maneno mpaka uzi ukafungwa. Wapo wanaosema mtu mzima aachwe na mali yake na maisha yake, jamii ikae pembeni. Wapo wanaosema mtu bila ukoo si mtu, na kila mmoja akijiamulia lake hakuna jamii itakayobaki. Nimesoma kurasa zote. Hakuna aliyetaja mtu, shamba wala kijiji. Naomba tushuke hadi Muleba, mkoani Kagera, kwenye kesi ambayo wanafunzi wa sheria wanaijua kama Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Wengi wamesikia nusu yake, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Bi Holaria alirithi shamba kwa baba yake, kwa wosia halali. Lilikuwa shamba la ukoo. Akazeeka. Kumbukumbu za kesi zinaeleza kwamba hakuwa na mtu wa kumtunza, na ndiyo sababu akaamua kuuza. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mauzo yafutwe: kwa mila za Wahaya mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila kuliuza hana mamlaka. Na kwa maandishi, mpwa hakuwa anabahatisha. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoziandika sheria za mila za urithi, linasema hivyo hivyo. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi na kuamuru bibi arudishe fedha za watu.

Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaitengua hukumu hiyo. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, na Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akamaliza mjadala: sheria inayomruhusu kaka kuuza na kumkataza dada ni ubaguzi, Katiba inaukataza ubaguzi, kwa hiyo mwanamke naye anaweza kuuza.

Hapo ndipo watu huishia. Wanaharakati wanashangilia, wazee wananuna, kila mtu anaamini kwamba siku ile mtu mmoja aliushinda ukoo.

Someni mpaka mwisho. Kwa mila zile zile, hata mwanamume hakuwa huru kabisa. Akiuza shamba la ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya ndugu, mwanaukoo yeyote anaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Jaji hakuifuta kanuni hiyo. Aliinyoosha ili imhusu na mwanamke. Akatamka kwamba shamba ni la mnunuzi, lakini mpwa akilitaka libaki kwa ukoo, apewe miezi sita alipe shilingi 300,000 alichukue.

Kwa hiyo ukoo haukunyang'anywa sauti. Uliambiwa tu kwamba ukitaka shamba lisitoke, utoe fedha, ili bibi abaki na chake cha kumvusha uzeeni. Kabla ya hapo "hapana" ya ukoo ilikuwa inalipwa na mtu mmoja, tena yule dhaifu kuliko wote waliokuwemo. Kwangu huo ndio mpaka kati ya haki ya mtu na maadili ya jamii kwenye nchi huru. Jamii inaweza kumdai mtu. Lakini inapomdai, na yenyewe ibebe gharama ya dai lake, na dai hilo lipimwe kwa kipimo kile kile kwa kila mwanajamii. Ikishindwa masharti hayo mawili, sioni maadili pale. Naona ndugu wachache wanalinda maslahi yao kwa jina la wote.

Naomba kuwasilisha. Karibuni kwa hoja.

Kijana wa Ubungo

Uzi mzuri mkuu, ila mimi nakwenda mbele zaidi yako. Kwa nini ukoo upewe hata hiyo miezi sita? Baba kamwandikia wosia, mali ni yake. Akitaka kumuuzia mgeni, amuuzie. Huyo mnunuzi naye kalipa fedha halali, halafu anakaa nusu mwaka hajui kama shamba ni lake au la. Hiyo ni haki gani?

Kibanja cha Babu

Mkuu, la mnunuzi umelisema vizuri na nakubali lina uzito. Miezi sita ya kusubiri si raha kwa mtu aliyeuza ng'ombe wake apate shamba.

Lakini hili la "mali ni yake" nikurudishe kidogo. Umewahi kuingia kwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa? Toka nje kwenye rweya, yale majani ya wazi, uchimbe: udongo hafifu, mawe, hautoi mgomba wa maana. Ingia kibanjani hatua chache tu, udongo mweusi, laini, unazamisha mkono. Mungu hakuuweka hivyo. Ni samadi ya ng'ombe na majani yaliyokatwa rweya yakabebwa kichwani, yakatandazwa chini ya migomba na mibuni, mwaka hadi mwaka, vizazi na vizazi. Anayerithi kibanja leo anarithi migongo ya watu waliokwisha kufa, na makaburi yao yamo humo humo shambani. Ndiyo maana siwezi kusema ukoo hauna neno kabisa.

Ila jiulize pia ni akina nani waliobeba yale majani. Sehemu kubwa ni wanawake. Sasa useme kazi ya vizazi inaupa ukoo haki, halafu nusu ya walioifanya uwaambie nyinyi ni wapangaji? Hoja hiyo inajikata yenyewe.

Mzee wa Kamachumu

Vijana, nawasoma. Nimezaliwa kibanjani na nitazikwa kibanjani, kwa hiyo mniruhusu niseme kwa kirefu.

Mnazungumzia ukoo kama kundi la wazee wanaokaa kusubiri wajane wafe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu. Yaliyofuata wengi wenu hamkuyaona. Nyumba moja baba, mwezi ujao mama, kisha wanabaki watoto na bibi. Serikali haikuwa na kitu cha kutupa, dawa hazikuwepo. Watoto wale walipokelewa na ukoo, na ukoo uliweza kwa sababu kibanja kilikuwepo: ndizi za kula, kahawa ya kupata ada ya shule. Kama kila mwenye shamba angekuwa ameshauza kwa sababu sheria inamruhusu, watoto wale tungewapeleka wapi?

Katazo la kuuza halikuwekwa kumwonea mwanamke. Binti anaolewa ukoo mwingine, watoto wake ni wa ukoo mwingine. Akiuza au akirithisha, shamba limetoka. Wazee walikuwa wanafunga mlango upepo usiingie. Mnaweza kusema mlango ulimbana mtu fulani, sawa, lakini msiseme hakukuwa na sababu ya mlango.

Na Bi Holaria simlaumu. Mwenye kosa ni ukoo uliomwacha mpaka akafikia kuuza. Mzee hafai kuuza kibanja ili ale.

Nyakato

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma mara mbili, na machozi yamenitoka, kwa sababu mimi ni mmoja wa watoto hao unaowasema.

Unasema tulipokelewa na ukoo. Ni kweli, lakini nikwambie ni nani hasa aliyetupokea. Ni shangazi. Alikuwa ameolewa, akaachika, akarudi nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka kuchemsha uji, ndiye aliyekuwa anakwenda rweya kulima njugu mawe, ndiye aliyelala sakafuni hospitali na mdogo wangu. Siku ya kumaliza matanga ya baba, kikao kilipokaa kugawa usimamizi wa shamba, aliyesimama kama msimamizi ni baba mdogo aliyekuwa anaishi mjini. Shangazi alikuwa jikoni anapika ndizi za hao wanaokaa kikao. Kahawa ilipoiva, fedha ilichukuliwa na msimamizi. Daftari la shule tulinunuliwa na shangazi kwa kuuza karanga.

Sisemi hivi ili kuwachafua ndugu zangu. Nasema kwa sababu mtu anapotamka "ukoo uliamua", mimi huuliza walioamua ni nani na waliobeba ni nani. Kwetu walikuwa watu tofauti. Aliyebeba mzigo wa maadili ya ukoo hakuwa na sauti kikaoni, na wenye sauti hawakubeba. Mzee, mimi nautaka huo mlango ubaki. Ninachoomba ni kwamba ufunguo akae nao pia anayefagia nyumba.

Mzee wa Kamachumu

Marahaba mwanangu. Hilo sina la kulijibu. Nimeyaona kwa macho yangu katika nyumba zaidi ya moja.

Kitabu cha Sheria

Niongeze mambo ya kisheria, kwa sababu nimeona watu wanauliza pembeni.

Tulipopata Uhuru Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu. Serikali ya Mwalimu iliikataa, hoja kubwa ikiwa kwamba taifa changa lenye kazi ya kujijenga lisifungwe mikono na kesi mahakamani. Sura hiyo iliingizwa mwaka 1984, na utekelezaji wake mahakamani ukasubirishwa mpaka Machi 1988 ili serikali ipate muda wa kurekebisha sheria. Bi Holaria aliuza Agosti ya mwaka huo huo. Angeuza miaka michache nyuma, Mahakama ya Wilaya isingekuwa na pa kusimamia.

Pili, Katiba hiyo hiyo haimpi mtu uhuru usio na mwisho. Ibara ya 29 na ya 30 zinasema kila mtu atumie haki zake bila kuingilia haki za wengine wala maslahi ya umma. Na Mkataba wa Afrika wa mwaka 1981 umeandika haki za binadamu na za watu kwa pamoja, ukaweka na wajibu wa mtu kwa familia yake na jamii yake. Kwa hiyo anayesema mambo ya wajibu kwa jamii hayamo kwenye sheria za haki, hajazisoma.

Tatu, mwaka 1999 zilikuja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Hii ya vijiji inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Lakini msidhani mambo yaliishia hapo. Wajane wawili wa Shinyanga walipofungua kesi kupinga sheria za mila za urithi, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba sheria zile zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta kwa hoja kwamba mila hazibadilishwi kwa hukumu ya mahakama. Rufaa ikakwama kwenye kasoro ya kiutaratibu. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja wajibu wake. Miaka 25 baada ya Mwalusanya.

Nyar Alego

Nawasalimu kutoka Kenya. Nimefuata mjadala huu kimya kimya, lakini siwezi kupita bila kutaja kesi ya S. M. Otieno, kwa sababu kwetu hiyo ndiyo iliyowagawanya watu mpaka mezani.

Otieno alikuwa wakili wa Nairobi, Mjaluo, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki na mpigania uhuru, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, Ngong. Alisema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ukoo wa Umira Kager ukasema mwana wetu atazikwa Nyalgunga, Siaya, alikotoka. Kesi ikaenda kwa miezi, mwili ukiwa mochari, watu wakijaa mahakamani na nje yake. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi wa mwisho: aliyezaliwa Mjaluo hawezi kuivua mila yake kwa sababu ya kuishi mjini na kuoa kabila lingine. Otieno akazikwa Nyalgunga. Wambui hakwenda.

Mimi ni Mjaluo, na watu wangu wa Alego bado wanaamini haki ilitendeka. Naelewa kwa nini. Kwetu mtu akizikwa ugenini ni kana kwamba amefukuzwa nyumbani. Lakini nikitumia kipimo cha mleta mada napata shida. Ukoo ulishinda haki ya kumzika, na mjane aliyeishi naye miaka zaidi ya ishirini akawa kama mpita njia kwenye maziko ya mume wake. Hakuna kilichowekwa upande wake wa mizani. Na Katiba yetu ya wakati huo ilikuwa inaziachilia sheria za mila kwenye mambo kama maziko na urithi, zisiguswe na katazo la ubaguzi. Ilitubidi tungoje Katiba ya 2010 kuandika wazi kwamba sheria yoyote, pamoja na ya mila, ikipingana na Katiba ni batili.

Kibanja cha Babu

Dada Nyar Alego, asante sana. Kesi hiyo ni ngumu kuliko ya Muleba kwa sababu shamba unaweza kulikomboa kwa fedha, mwili huwezi kuugawa. Ndiyo maana inanisumbua kwamba mahakama iliuliza swali moja tu, marehemu alikuwa nani kwa kuzaliwa. Haikuona uzito kwenye yale aliyojichagulia akiwa hai, akili timamu, wakili wa kazi yake. Mtu mzima akichagua kwa muda mrefu na kwa uwazi namna ya kuishi, jamii yake inaweza kuhuzunika, ila sioni ilikopata haki ya kusema hakuchagua.

Mwananchi Huru

Mleta mada, kipimo chako cha gharama nakipenda, lakini kinafanya kazi kwenye mali tu. Mambo mengi ya maadili hayana bei. Mavazi, ndoa, dini. Hapo ukoo au taifa "linalipa" nini?

Kibanja cha Babu

Swali zito, na sitalikwepa.

Chukua Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, mafuta ya kung'arisha ngozi na suruali za kubana, kuanzia Januari 1969, kwa ajili ya kulinda utamaduni wa taifa. Hata tarehe haijafika, vijana Kariakoo walikuwa wanawavamia wanawake kwenye vituo vya mabasi. Lengo lilitamkwa kwa lugha ya jamii nzima: heshima, utu, kujikomboa na kasumba za kikoloni. Mimi naamini baadhi yao walimaanisha. Lakini angalia mzigo ulimwangukia nani. Binti karani anayetoka kazini, anayeng'ang'aniwa nguo yake na vijana wasiomjua. Waliopitisha azimio hawakupoteza hata kifungo cha shati.

Kwa hiyo gharama sihesabu fedha peke yake. Nahesabu ni nani anabanwa na kanuni na ni nani anaisimamia. Kanuni inayowabana wote, na wanaoisimamia wakiwemo, ina heshima yake hata kama mimi siipendi. Jamii ina njia zake bila mkono: kuonya, kushauri, kutohudhuria harusi, kukataa kukubali. Hayo yanauma, na yanaruhusiwa. Kuvua mtu nguo barabarani, au kumwambia bibi arudishe fedha aliyokula, ni kitu kingine.

Na kwa wanaosema haya ni mawazo ya Wazungu: Mwalimu, ambaye hakuna aliyehubiri umoja wa kijamaa kumzidi, kwenye andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 alieleza misingi mizuri ya familia ya Kiafrika, kuheshimiana, kugawana, kila mtu kufanya kazi. Kisha akataja kasoro mbili za jamii ile ile: umaskini, na kuwekwa kwa wanawake mahali pa chini huku wakifanya kazi kupita wanaume. Jaji Mwalusanya alilitegemea andiko hilo kwenye hukumu. Mtu aliyeipenda jamii yake kuliko sisi sote ndiye aliyeweza kuinyooshea kidole.

Kijana wa Ubungo

Nimeanza kukuelewa mkuu. Bado sikubaliani na miezi sita, lakini nimekuelewa.

Mtoto wa Tatu

Wakuu, samahani kuingia na la kwangu, limenikuta sasa hivi. Baba alitugawia shamba sisi watano. Dada yetu mkubwa anaumwa figo, anataka kuuza sehemu yake. Mnunuzi yupo tayari. Kaka zangu wawili wamekataa kabisa, wanasema kaburi la baba liko upande huo. Jumamosi tuna kikao. Nisimame na nani?

Nyakato

Pole kwa dada. Swali la kwanza kikaoni liwe: matibabu yake mpaka leo nani amelipia? Kila mtu ajibu kwa kutaja kiasi, mbele ya dada mwenyewe. Na dada asikae jikoni siku hiyo.

Kitabu cha Sheria

Kama sehemu yake amepewa kihalali, kaka zako hawawezi kumzuia kwa sababu ni mwanamke. Lakini kabla ya kugombana, pateni bei ya mnunuzi kwa maandishi. Kaburi linaweza kupimwa na kutengwa pamoja na njia ya kulifikia, likaandikwa kwenye hati ya mauzo, na serikali ya kijiji ishirikishwe. Hilo linafanyika sana.

Mzee wa Kamachumu

Mwanangu, mimi ndiye niliyetetea ukoo hapa, kwa hiyo nisikilize. Waambie kaka zako hivi: bei ya mnunuzi ni hii, nanyi mna haki ya kwanza kwa bei hiyo hiyo, si pungufu hata shilingi. Wapeni muda, lakini mgonjwa wa figo hana miezi sita, kwa hiyo wiki tatu zinatosha. Wakichanga wakalipa, shamba limebaki nyumbani na dada ametibiwa. Wakishindwa, wasaini kama mashahidi wa mauzo. Na atakayesema hana fedha ila hataki liuzwe, mwulize kikao kifanye nini na ugonjwa wa dada yenu, kisha mngoje ajibu.

Mtoto wa Tatu

Asante mzee, asanteni wote. Nampigia dada usiku huu aniambie bei kamili, kesho naituma kwenye kundi la familia.